Kazi Yangu Nyuma ya Kanga

Kazi yangu ilianza Jumatano, saa kumi na robo alasiri, masika ya mwaka 1956, maji yakiwa yamejaa Jangwani na watu wa ng'ambo wakivuka wameshika viatu mkononi. Nakumbuka saa kwa sababu saa ya ukutani ya Bi Shamsa ilikuwa mbele yangu, na sikuwa na ujasiri wa kutazama kitu kingine chochote. Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba.

Kesho kutwa napanda gari moshi kwenda bara kusomea ualimu. Baba, ambaye ni kuli bandarini, amenunua viatu vyeusi vya kamba kwa ajili ya safari hiyo, na tangu alipovileta nilikuwa navivaa chumbani, natoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, nasikiliza vinavyolia kwenye sakafu. Nafasi yangu ataishika Rukia, binti wa mama mdogo. Haya nayaandika kwa ajili yake na kwa wasichana watakaomfuata. Habari za kupandishwa cheo sina, maana cheo kilikuwa kimoja tu na nilianza nacho. Mshahara ulikuwa chai na kitumbua kilichoungua upande mmoja, kwa kuwa vile vizuri mama alikuwa anavipeleka sokoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika nyumba yetu, mtaa wa Sikukuu, chumba cha mbele anakaa Mwalimu Feruzi, aliyenifundisha kusoma nilipokuwa mdogo. Mwalimu alikuwa anaandika kitabu cha hadithi. Alikiandika nyuma ya karatasi za mitihani zilizokwisha sahihishwa, hata ukigeuza ukurasa katikati ya safari unakuta mtoto wa watu amekosa hesabu za kugawanya. Kila sura ikimalizika alitaka kusikia inavyoanguka masikioni mwa watu, na watu aliowataka ni wanawake wa uani. Wanaume, alisema, husikiliza ili wajibu. Lakini mwanamume haingii kukaa uani na wake za watu. Kwa hiyo yeye alikaa ukumbini kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango, penseli sikioni, na akahitaji mdomo wa kusoma huku ndani.

Akanichagua mimi. Mimi niliyekuwa nikiulizwa swali darasani nalijibu dawati. Alimwambia mama kwamba mtoto huyu anasoma kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na shida yake ni moja tu, watu.

Siku ile ya kwanza watu walikuwepo. Alikuwepo Bi Shamsa mwenye nyumba, mtu wa Mrima, mwenyeji wa pwani hii, anayeweza kukutajia ukoo wake mpaka usinzie. Alikuwepo Mama Eliamani, Mchaga wa chumba cha tatu, ambaye mumewe ana duka la jumla karibu na soko, na ambaye hakai bila ndizi ya kumenya. Mama yangu alikuwa na bakuli lake la unga, na majirani walikuja na watoto mgongoni. Nikafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama mbu aliyepotea njia. Bi Shamsa akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, unasoma au unaomba radhi?"

Wakacheka. Bi Shamsa akanyanyuka, akachukua kanga nzito ya zamani, akaitundika kwenye kamba ya nguo pembeni mwa mlango na kusogeza kigoda nyuma yake. "Haya, ingia huko," akasema. "Sisi hatupo."

Mpaka leo sijui ni dawa gani ile. Nilipokaa nyuma ya kanga sauti ilitoka yenyewe, kana kwamba ilikuwa imepanga foleni muda mrefu na leo zamu yake imefika. Nikasoma sura nzima. Mwalimu nyuma ya mlango, mimi nyuma ya kanga, wanawake katikati na visu vyao, na hakuna aliyemwona mwenzake. Dar es Salaam hii ina ofisi nyingi nzuri upande ule wa Wazungu, zenye mapanka ya kuzunguka darini, lakini sidhani kama kuna hata moja iliyopangwa vizuri kama hiyo.

Sasa niseme kitabu kilihusu nini, na kwa hilo lazima niseme Mwalimu ni nani. Mwalimu ni Mmanyema. Watu wake walitoka ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, na wengi walikuja kwa miguu katika misafara, wamebeba mizigo ya watu wengine. Wamejaa Kariakoo na Ilala, wamezaa na kuzikana hapa, lakini watu wakigombana bombani neno la kwanza la kumtupia Mmanyema ni kwamba arudi alikotoka na debe lake. Bi Shamsa mwenyewe, mwanamke mwenye moyo mpana, alimpangisha Mwalimu chumba na kumwita mwanangu, lakini kikombe cha Mmanyema hakukitia mdomoni. Alikuwa anasema hivyo mchana kweupe, bila ubaya, kama mtu anayekwambia pilipili haimpendi. Mwalimu alimsikia mara nyingi. Alicheka, akaingia chumbani kuandika.

Alichokuwa anaandika ni safari ya bibi yake, Bi Kashindi, kutoka Kasongo mpaka pwani. Bi Kashindi ana mzigo wa watu kichwani na ulimi ambao haupumziki. Alipofika Ujiji alimuuguza mfanyabiashara mmoja homa mpaka akapona, na yule akampa jozi ya viatu vya ngozi nyekundu. Bi Kashindi akaapa hatavivaa mpaka aione bahari. Akavifunga juu ya mzigo, akaendelea peku. Njia nzima watu wanamuuliza kwa nini mtu mwenye viatu anatembea na miiba, na kila mtu anampa jibu lake. Mkuu wa msafara alipomuuliza, alimjibu, "Hivi ni vya kufikia, si vya kuendea."

Jibu hilo lilitushika vibaya sana. Mama Eliamani alipoletewa sahani mpya za maua alizifungia kabatini, akasema ni za kufikia. Mama akiona kitumbua kimetoka kizuri kupita kiasi anakiweka pembeni, cha kufikia. Mtoto wa jirani alikataa kuvaa suruali ya Idi kwa sababu hiyohiyo, akachapwa.

Nije kwenye vifaa, Rukia, usije ukasema sikukufundisha. Kanga iwe nzito, na usikubali itundikwe jua likiwa nyuma yako, maana kivuli chako kitaonekana unavyojikuna, na mimi yalinikuta. Weka jiwe juu ya karatasi, upepo wa uchochoroni hauna adabu. Kopo la maji liwe kushoto. Usianze sura nzito kabla muuza kahawa hajapita, kwa sababu akigonga vikombe vyake wote wanageuza vichwa na marehemu wako anabaki amelala peke yake ukurasani. Mvua ikipiga bati, nyamaza, usishindane nayo. Na usome sura yote mwenyewe kwanza, kabla ya kuwasomea wengine. Mara moja tu sikufanya hivyo, na nitaeleza kilichotokea.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Shamsa, ambaye hajui kusoma hata jina la mtaa. Alikuwa ananiambia nikifika penye utamu ninyamaze, nimimine chai moja nzima kichwani mwangu, halafu ndipo niendelee. Mara ya kwanza nilimimina chai hiyo haraka mno na akanirudisha nyuma nimimine upya. Mama Eliamani naye alinifundisha nisiwabembeleze wanaolia. Mtu akilia, alisema, mwache alie, ndiyo starehe aliyoifuata.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa sura ya Tabora. Pale Bi Kashindi anakutana na kijana mpiga ngoma, na Mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, aliandika kwamba kijana alimshika mkono akauweka shavuni mwake. Mimi nikafika kwenye shavu nikakohoa. Nikajaribu tena, nikakohoa tena. Mwanamke mmoja akasema taratibu kwamba kikohozi hicho anakijua. Tangu siku ile kila penye mapenzi nilikohoa, na wao wakijaza wenyewe. Wakawa wanafika mapema na kuuliza kama leo kuna kikohozi. Mwalimu, ambaye alikuwa nyuma ya mlango na hakuelewa kitu, alinunua asali na tangawizi akampa mama, akasema mtoto atazamwe kifua. Mama alipotuambia, nilicheka nikaanguka na kigoda, nikaivuta kanga pamoja na kamba na nguo za ndani za Bi Shamsa zilizokuwa zikikauka. Nikalala pale chini mbele ya macho yao yote. Waliitundika upya, wakaniinua, wakanisukuma nyuma yake, wakageuza nyuso kama watu ambao hawakuona kitu. Nawapenda kwa hilo mpaka leo.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, Jumatano hadi Jumatano, masika mpaka masika. Nilikuwa darasa la tisa, nikaingia la kumi, na Bi Kashindi alikuwa bado anatembea.

Mwaka huu Mwalimu alipeleka sehemu kubwa ya kitabu kwenye ofisi moja inayochapa vitabu vya shule. Siku hizi bila ofisi kama hizo mtu hachapwi, na ofisi zenyewe zinachapa kile kinachompendeza Mzungu mkubwa anayekaa juu yake. Jibu aliletewa na karani wao, kijana mwembamba mwenye soksi nyeupe ndefu mpaka magotini, ambaye wanawake walimpa jina papo hapo, Bwana Soksi. Jibu lilikuwa tamu na chungu. Kiswahili chake kilisifiwa. Kitachapwa, kina jina lake juu, na watoto watagawiwa. Ila bibi kizee amezidi. Apunguzwe, isielezwe sana kwamba ni Mmanyema, na kitabu kimhusu mjukuu wake, karani kijana anayejifunza usafi na kuwahi kazini.

Lazima mjue jambo hili lilimfanyia nini Mwalimu. Amefundisha watoto wa mitaa hii tangu mama yangu ni msichana, na hajapata siku hata moja kumpa mtoto kitabu ambacho Mmanyema amefungua mdomo ndani yake. Hiki ndicho alikuwa anakiandaa. Sasa kingefika mikononi mwa watoto, lakini bila bibi mwenyewe. Akakataa kula siku mbili. Kisha akaandika.

Jumatano iliyopita alichelewa kunipa karatasi. Alinipitishia chini ya mlango wanawake wakiwa wamekwisha kaa, kwa hiyo nikasoma bila kujua ninakokwenda. Msafara umefika Ugogo. Bi Kashindi ana homa. Akalala chini ya kichaka, viatu vyekundu pembeni yake, na asubuhi hakuamka. Yote hayo kwa mistari minne. Mstari wa tano unaanza na mjukuu wake, miaka mingi baadaye, hapa mjini, ameamka saa kumi na mbili kamili na kupiga mswaki.

Niliendelea kusoma, maskini, kwa sababu ndiyo kazi. Nilisoma mswaki wote. Nilisoma alivyosukutua.

"Ngoja," akasema Bi Shamsa. "Nani kafa?"

Nikamwambia ni Bi Kashindi. Akataka nirudie ile mistari, nikairudia. Nje ya kanga hakuna aliyemenya wala kukoroga. Kisha nikamsikia Mama Eliamani anavuta pumzi, anaanza kulia, kilio chenyewe cha kwao mlimani, kile cha kuanzia chini. Bi Shamsa akaenda mlangoni, akaupiga kofi.

"Mwalimu. Mtu hafi kwa mistari minne."

Tulisikia kigoda kinasogea na hatua zake zinakwenda nje, na mlango wa barazani unafungwa. Bi Shamsa akasimama kidogo katikati ya ua wake. Halafu akasema mtu huyu kafia nyumbani kwake, kwa hiyo matanga ni yake. Mama akamuuliza kama ni sawa kumkalia tanga mtu wa kwenye karatasi. Bi Shamsa akasema khitma haisomwi, dhambi hatuzitaki, lakini kukaa chini watu wakanywa kahawa chungu hakuna kitabu kilichokataza. Akatandika mkeka wa kwanza kwa mkono wake. Nilidhani anafanya mzaha, na nafikiri naye kidogo alidhani hivyo, mpaka alipokaa na kujifunika kichwa.

Masinia hayakutosha, wala mikeka. Nikatumwa mimi nipite nyumba kwa nyumba kuazima. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa maana kila mlango niliobisha waliniuliza nani kafa, na mimi ninavyojijua, nikiulizwa kitu nje ya kanga nasema maneno machache iwezekanavyo kisha nakimbia. Nilisema, "Bi Kashindi, bibi yake Mwalimu," nikabeba sinia, nikaondoka. Habari za kitabu zingehitaji sentensi ndefu.

Kesho yake, Alhamisi, niliporudi kutoka shule baraza letu lilikuwa jeupe kwa kanzu. Watu walikaa mpaka kwenye baraza la jirani. Walikuja walimu wenzake, walikuja watu wa Mchafukoge wasiomjua ila kwa jina, alikuja baba, aliyekuwa zamu tangu jana yake, na makuli wenzake moja kwa moja kutoka bandarini, vumbi la saruji kwenye nyusi. Walikuja Wamanyema wa Ilala, wazee kwa vijana, wakiongozwa na Mzee Katembo, ambaye kila mtu upande ule humwamkia. Ndani, uani, nafasi ya kuweka mguu haikuwepo. Kanga yangu ilikuwa mabegani mwa Mama Eliamani, aliyekuwa hana nguo ya kujitanda msibani.

Nilisimama ukumbini nikatamani kuwa kopo.

Mwalimu, ambaye usiku ule hakurudi kulala, alifika muda mfupi baada yangu, ameshika kikapu chake cha madaftari. Mtu wa kwanza kumwona alimkumbatia akampa pole. Mwalimu akauliza nani amekufa. Wakatazamana, wakamhurumia zaidi, wakasema masikini, msiba umempiga hata amesahau. Wakamkalisha. Kila akifungua mdomo kueleza, mwingine anamshika mkono na kumwambia asijichoshe, machozi ni rehema. Mimi nilikuwa nauma buibui langu nisicheke, na wakati huohuo nilikuwa nimekwisha jiandaa kuhamia mji mwingine.

Mwishowe aliweza. Alisimama akawaambia yote, kitabu, ofisi, mistari minne. Baba alikuwa ananitafuta kwa macho. Ndipo Mzee Katembo akauliza.

"Na yule bibi yako wa kweli, Feruzi? Alifia wapi?"

Mwalimu alisema hajui. Baba yake alimwambia ni njiani, upande wa Ugogo, na hakuna aliyejua ni wapi.

"Nani alimkalia tanga?"

"Hakuna, mzee. Msafara haukusimama." Akakiweka chini kikapu cha madaftari. "Hakuiona bahari. Kitabu nilikiandika ili afike."

Mzee Katembo akatikisa kichwa. Akasema wa kwake vilevile, mama wa mama yake, na jina lake tu ndilo lililofika pwani. Akavua makubazi yake, akayapanga ukutani, akasogea katikati ya mkeka kama mtu anayejua atakaa. "Basi mimi naendelea," akasema. Na hakuna aliyeondoka. Mmoja alitaja jina la bibi yake, mwingine wa kwake, na kule ndani wanawake wakaanza kulia upya, lakini kilio kingine kabisa, chenye majina ndani yake.

Sasa katikati ya hayo akatokea Bwana Soksi, aliyekuja kuchukua sura mpya kama walivyopatana. Kuona msiba, akavua kofia, akatoa pole kwa kila mtu, akakaa, akapewa kahawa. Akamnong'oneza jirani yake kuuliza ni nani aliyefariki. Akaambiwa Bi Kashindi. Nilimwona anasita na kikombe hewani, akasema jina hilo analijua. Sauti ya Bi Shamsa ikatoka dirishani.

"Baba, ndiye wewe uliyetaka afe?"

"Mimi, mama, nilisema apunguzwe," akajibu Bwana Soksi. "Sikusema afe."

"Mtu anapunguzwaje? Mkono au mguu?"

Mzee Katembo ndiye aliyeanza kucheka, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Sijawahi kuona matanga ya namna hiyo na sitayaona tena. Walipotulia, mzee akasema kwamba yeye amekuja kumlilia mtu asiyemjua, si vizuri, asomewe japo habari zake kidogo. Wote wakaniangalia. Nikatafuta kanga. Ilikuwa mabegani mwa Mama Eliamani, na Mama Eliamani alinitazama bila kuivua.

Nikasimama kizingitini, wanaume mbele, wanawake nyuma. Nikafungua sura ya viatu. Nikaanza. Pale mkuu wa msafara anapouliza, nilinyamaza, nikamimina chai nzima kichwani, bila haraka, na kabla sijaendelea nikasikia nyuma yangu wanawake wanalijibu wao, kwa sauti moja, hivi ni vya kufikia, si vya kuendea. Kelele iliyopigwa na wanaume wale ilisimamisha mikokoteni mtaani. Nikasoma, nikasoma, nikafika Tabora, nikaliona shavu linakuja. Nikakohoa. Uani walianguka. Wanaume hawakujua wanacheka nini lakini walicheka, na Bwana Soksi alimwagia kahawa soksi zake zote mbili. Mwalimu alinikazia macho, kisha akautazama mlango, kisha akanitazama tena, na nikaona asali na tangawizi zinamwingia kichwani taratibu.

Mwalimu alipomaliza kucheka alimwambia Bwana Soksi amwambie mkubwa wake kwamba bibi yake hapunguzwi. Kisipochapwa kitasomwa hapa. Bwana Soksi alisema atafikisha, na kwamba hatashangaa Mwalimu akipewa uhamisho hadi mahali ambapo barua yenyewe hufika imechoka. Mwalimu akasema atakwenda na penseli. Bwana Soksi alikunja soksi zake zenye kahawa, akavaa kofia, akasogea mara mbili kuondoka na mara mbili akarudi. Mwishowe akauliza, kama akija Jumatano, kutakuwa na pa kukaa barazani.

Karatasi za karani anayepiga mswaki alipewa mama azifungie vitumbua. Zilifaa sana.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, niliamka na kukuta ukurasa mmoja umepitishwa chini ya mlango wetu, mwandiko wa penseli bado mbichi, unachafua vidole. Safari hii niliusoma wote kwanza. Kisha nikabeba masinia na mikeka, nikapita nyumba kwa nyumba kurudisha. Kila mlango waliniambia poleni, na mimi, nikiwatazama usoni, nilijibu kwamba tumekwisha poa, Bi Kashindi kaamka, homa imemwachia alfajiri na ameanza kwa kumgombeza aliyemfunika vibaya. Nyumba ya tano wakanishika nikae niwaeleze. Nikakaa. Sentensi zilikuwa ndefu.

Niliporudi Bi Shamsa alikuwa barazani anakunywa chai. Kikombe chake kilikuwa cha bati, chenye ua la buluu, na katika nyumba yetu vikombe vya namna hiyo vinatoka chumba kimoja tu, cha mbele. Nikamwamkia shikamoo. Akanitikia marahaba bila kukitoa kikombe mdomoni.

"Kafika wapi?" akaniuliza.

"Ametoka Ugogo. Anaitafuta Mpwapwa."

"Na viatu?"

"Viko kichwani."

"Vizuri," akasema, akanywa.

Nikaingia uani, nikaitundika kanga kwenye kamba kwa ajili ya Rukia, jua likiwa mbele yake. Kisha nikaenda chumbani. Viatu vyangu vyeusi vilikuwa kando ya kitanda nilipoviacha, nikavifuta, nikaziunganisha kamba zake kwa fundo moja, nikavifunga juu ya sanduku.